Aliye Wazi Kwenye Kamba

Senzia alipoanguka, watu walipiga makofi.

Walikuwa wamekaa kwenye baraza la chini, darubini machoni na bilauri mkononi, wakitazama ukuta wa Jabali la Mkomba kama watu wanaotazama mpira. Kwa hilo peke yake siwalaumu. Pale kwetu watu huanguka kutwa nzima na hakuna anayeumia. Mtu akichoka katikati ya ukuta hufungua vidole tu, akajilaza chali hewani, na Mkono ukamdaka: lile vumbi la vidubwasha visivyoonekana, linaloelea kuzunguka jabali lote, hujikusanya chini yake likawa zito kama godoro, naye hujinyoosha hapo mpaka mikono iache kumuuma. Vijana wetu huita kupumzika hewani. Wengine hula ndizi wakiwa wamelala hivyo, na bonde lote mpaka Same limetandazwa chini yao. Kwa hiyo Senzia alipofungua vidole, wale wa barazani walidhani anafanya mbwembwe.

Lakini siku hiyo alama yake ilikuwa imezimwa. Mkono hauna macho. Humtambua mtu kwa alama iliyowekwa chini ya ngozi ya shingo, na asiye na alama iliyowashwa, kwa Mkono ni sawa na jiwe au mbuzi, na jiwe likianguka huliacha lipite. Kamba ilimvuta mteja aliyekuwa nyuma ya Senzia, Mkono ukamdaka mteja, ukaona kwenye kamba kuna mzigo usioufahamu, ukaikata kamba ile kama ulivyotengenezwa kufanya. Mteja alibaki anaelea, salama salimini. Nilikuwa kwenye chumba cha usimamizi, redio sikioni. Kitu cha kwanza nilichomsikia akisema ni kuuliza kama kuna kamera iliyonasa.

*

"Hakuna aliyemlazimisha, Mwalimu," Elisafi Kajiru aliniambia tuliporudi kutoka mazikoni. "Alisimama juu ya jiwe, akatamka kwa kinywa chake kwamba anakubali kuzimwa. Wewe mwenyewe ulimsikia."

Kajiru ndiye meneja wa Kilele Hai, kampuni inayomiliki Mkono. Ni mtoto wa milima hii hii ya Upare, na hilo ndilo linalonichefua zaidi. Mgeni ningemsamehe kwa kutojua. Huyu alicheza na Senzia utotoni, na pale kaburini alikuwa anapangusa udongo kwenye viatu vyake kwa kitambaa.

"Mwili wa Senzia ulifundishwa kuachia," nikamwambia. "Wote wamefundishwa hivyo, na mimi ndiye mwalimu wao, kwa agizo lako. Hawajui kupanda kwingine. Mkono wa mtu wa namna hiyo ukichoka hauulizi kichwa kama leo alama imezimwa. Unafunguka tu."

"Basi wafundishe kutoachia."

"Mimi nilijifunza kabla ya Mkono kuletwa, na ilinichukua ujana wangu wote. Wewe unataka wajifunze kati ya mteja wa leo na wa kesho?"

Akapumua kama mtu anayemvumilia mtoto. Akanieleza tena yale ninayoyajua. Mkono ulipofika, wageni walimiminika, kisha wakaacha kuja, maana jabali lisiloua walilichoka upesi kama bembea. Ndipo Kilele Hai wakabuni safari za Wazi. Mteja huvaa saa. Watu wote kwenye kamba wakiwa na alama zilizowashwa, saa huwa baridi. Mmoja akizimwa, akawa wazi, saa hupata joto na kutetemeka kidogo, na joto hilo ndilo watu wanalolifuata kutoka mbali. Wanataka kuwa karibu na kifo. Kufa wenyewe hawataki.

"Kama hatari ni tamu hivyo, si wazimwe wao," nikasema.

Kajiru akacheka. "Bima zao hazitakubali."

"Na Senzia?"

"Senzia hakuwa na bima."

Alilisema hilo kwa utulivu, kana kwamba ananieleza hali ya hewa. Kisha akaongeza, akijitia hamnazo, kwamba safari ya Wazi inayofuata ameiomba Mbonea. Nami nikikataa kusimamia, ataleta fundi kutoka mjini, kijana anayejua kubonyeza kioo na asiyemjua Mbonea hata kwa sura.

Mbonea ni mdogo wangu. Mama yetu alimwacha anatambaa, nikamlea mimi.

*

Nilimkuta kwake anakula makande, wanawe wawili wamemkalia magotini. Nikamwambia mkewe naomba nizungumze na mume wake, tukatoka kwenye shamba la tangawizi nyuma ya nyumba.

"Najua ulichokuja nacho, dada," alisema kabla sijafungua mdomo. "Usijisumbue."

"Senzia ameachia."

"Senzia alikuwa na mawazo siku ile. Mimi nitakuwa macho."

"Siyo suala la macho, Mbonea. Nimekuona mara ngapi? Ukifika chini ya ule mwamba wa Mdomo unatikisa mabega, unaegemeza kichwa nyuma, unalala. Hata hujui kama unafanya."

Alichuma jani akawa analichana vipande vipande.

"Nikuulize kitu, dada. Ulipokuwa unapandisha wageni zamani, walikuitaje?"

"Mwalimu. Wengine Mama."

"Mimi hawakuwa wananiita. Walikuwa wananipa mfuko niwashikie. Ningekaa chini nikalala usingizi, wangepanda wenyewe na Mkono ungewalinda. Nina mikono, nina miguu, nalijua jabali lote lile, na hakuna aliyekuwa ananihitaji hata kwa dakika moja. Lakini niliposhuka na safari ya Wazi ile ya kwanza, mteja alilia akanikumbatia. Mzee mzima. Wateja walikuwa wanabana pumzi kila nilipoinua mguu." Akaniangalia. "Na wewe ulikuwa unapanda hivyo hivyo bila alama. Mbona kwako ilikuwa kazi ya heshima, kwangu iwe aibu?"

"Mimi na wageni wangu tulikuwa wazi wote. Nikianguka, wanaanguka. Ndiyo maana hawakuthubutu kunitazama kama sinema."

"Mimi nimekubali."

"Najua umekubali. Ndicho kinachonitia kinyaa."

Hilo lilimuuma, nikaliona linamuuma, na sikulirudisha. Aliingia ndani akaendelea na makande yake.

*

Mteja alikuwa Bi. Selina Hango, mkurugenzi wa kitu fulani huko Dodoma, mwanamke mwenye meno mazuri na mavazi ya kupandia ambayo hayajawahi kugusa jiwe. Alikuja peke yake. Alilipia kamba ya watu wawili, yeye na mwongozaji tu, ili, kama alivyoeleza, asigawane na mtu.

"Huyu ndiye wazi wangu?" aliuliza, akamshika Mbonea mkono juu ya kiwiko na kuuminya, kama watu wanavyominya mbuzi mnadani. Mbonea akatabasamu.

"Ana familia?" akamuuliza Kajiru. Si Mbonea. Kajiru.

"Mke na watoto wawili, mama."

"Vizuri," alisema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Wenye watoto wana joto zaidi, si ndiyo?"

"Saa haipimi hilo," Kajiru alijibu akichekacheka. "Ingawa wateja wengi husema hivyo."

Nikaingia kwenye chumba changu. Chumba kiko hatua chache tu kutoka jiwe la kuanzia, bapa la mwamba ambalo kila anayepanda lazima alisimamie kwanza. Pale ndipo Mkono humtambua mtu. Alama huwashwa na kuzimwa hapo tu. Mtu akishaondoka kwenye jiwe lile, hali aliyokwenda nayo ndiyo atakayorudi nayo, hata uhangaike vipi na kioo.

Walipanda juu ya jiwe wote wawili wakafungana kamba. Kwenye kioo changu zikatokea nukta mbili, kila moja na jina lake.

"Mimi Mbonea Mchome," sauti ya mdogo wangu ilisema, "nakubali kuwa wazi."

Kidole changu kilikuwa juu ya nukta yake. Kajiru alisimama mlangoni anachungulia, lakini yeye huangalia taa moja tu, ile inayosema mmoja kwenye kamba yuko wazi. Yupi, hiyo taa haisemi.

Nikasogeza kidole kidogo tu. Nikaizima nukta ya Selina Hango.

Taa ikawaka. Kule kwenye jiwe, Bi. Hango alifumba macho na kuikumbatia saa yake kifuani. "Oo, imeanza," alisema. Akafumbua macho akamtazama Mbonea kwa uchu ambao sitaki kuueleza. Nami nilisikia utamu unanipanda kutoka tumboni. Kila kitu kilikuwa halali. Alitaka hatari kwenye kamba yake, ameipata, na saa haikumdanganya. Wateja wa Wazi hawaruhusiwi kujiachia kwa sababu watamvuta mwongozaji, kwa hiyo angepanda amefungwa kwa mtu imara na kushuka amefungwa kwa mtu imara. Mbonea akiteleza atadakwa. Sikuona tundu lolote kwenye mpango wangu.

*

Walipanda vizuri. Mbonea alijionyesha, alipita njia ngumu pale penye rahisi, alining'inia kwa mkono mmoja ili mama yule apate kuguna. Kila alipofanya hivyo niliona nguvu zake zinavyokwisha, lakini nilijikaza kisabuni, kwani alama yake ilikuwa inawaka kwenye kioo changu.

Wakafika kwenye kishubaka kilicho chini ya Mdomo, pale mwamba unapojitokeza nje kama mdomo wa mtu aliyenuna. Nikasikia sauti ya Bi. Hango redioni.

"Kaka, nina wazo. Nifungue kamba."

"Kuna tatizo, mama?"

"Hamna tatizo. Nataka nijiachie nielee hapo nje, nikutazame ukiupanda huu Mdomo peke yako. Nikiwa nyuma yako sioni uso wako. Nikiwa nimefunguliwa sikuvuti, au vipi?"

Kwa ujanja wangu wote sikuwahi kufikiria kwamba kuna binadamu atakayetaka kufunguliwa ili apate kiti kizuri zaidi. Na Mbonea, Mungu amsamehe, alishaanza kulegeza fundo. Alikuwa amefundishwa kumpendeza mteja kama alivyofundishwa kuachia.

"Mbonea, acha," nikasema. "Bi. Hango, subiri. Kuna upepo mkali unakuja."

"Mkono hauhangaiki na upepo," alijibu. "Nimesoma maelezo yenu yote."

Kamera ya juu ilimwonyesha amesimama ukingoni, kamba imefunguka miguuni, mikono ameitanua. Alikuwa anacheka.

"Usijiachie," nikasema. "Wewe ndiye uliye wazi."

Kajiru aliruka kutoka mlangoni. "Unasema nini?"

"Bi. Hango, alama yako imezimwa tangu chini. Niliizima mimi. Ya Mbonea inawaka. Rudi nyuma, kaa, shika mwamba."

Kwanza hakuamini. Akaitazama saa, saa inayojua jambo moja tu. Kisha akatazama chini. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza alipotazama chini kweli, na mwili wake ukaelewa kabla yake. Akakaa, akaukumbatia mwamba kama mtoto aliyepotea sokoni. Suruali yake nzuri ililowa, na kamera haikumficha.

"Iwashe!" Kajiru alikuwa ananitikisa bega. "Washa sasa hivi!"

"Unajua haiwezekani mpaka arudi kwenye jiwe."

Akakaa kwenye sakafu. Akaanza kuongea peke yake kuhusu bima.

"Dada." Sauti ya Mbonea ilikuwa kavu. "Nifanye nini?"

Nikamwambia. Amfunge, fundo la zamani, mara mbili. Amshushe kidogo kidogo, yeye abaki juu ameshika, mama akipata pa kusimama ndipo naye ashuke. Mama akiteleza, kamba itamzuia ilimradi Mbonea ameshika mwamba. Lakini Mbonea akiachia, Mkono utamdaka yeye, utakuta mzigo usioufahamu kwenye kamba, na utaikata kamba hiyo.

"Kwa hiyo leo hakuna kupumzika," nikasema.

"Nimeelewa."

Zamani, kabla ya Mkono, tulikuwa tunaitikiana. Wa chini anauliza, wa juu anajibu, na hakuna anayesogea kabla hajajibiwa. Vijana hawa hawakuwahi kufundishwa, haikuwa na kazi. Nikaanza kumuuliza mimi kwenye redio.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Mshushe. Umeshika?"

"Nimeshika."

Bi. Hango alikuwa analia bila kujificha, anasema "kaka usiniache, kaka nakuomba," na kila alipopata pa kuweka mguu alishukuru mwamba, alimshukuru Mungu, alimshukuru Mbonea. Hapo niseme ukweli, sikumwonea huruma ya kutosha. Nilikuwa nasikiliza nikiwa na kitu kama shibe.

Karibu na nusu ya ukuta, Mbonea alichelewa kujibu.

"Umeshika?"

Kwenye kioo nikamwona anatikisa mabega. Akaegemeza kichwa nyuma.

"Mbonea, usilale. Mbonea."

Vidole vya mkono wa kushoto vilifunguka, kimoja, kingine. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu anayekwenda kitandani. Chini yake yule mama alikuwa ananing'inia, miguu inatafuta mwamba na haipati. Na wakati huo, ndani yangu, niligundua kwamba moyo wangu unadunda kwa kawaida. Kichwani nilishamwona kwenye godoro la Mkono, mzima, anapumua. Kule chini zaidi sikutazama.

"Umeshika?" nikauliza tena.

"Kaka," mama yule alisema kwa sauti ndogo. "Jibu."

Mbonea akashtuka. Akafunga vidole, nikaona kucha zinavyoweka damu kwenye jiwe.

"Nimeshika," alisema.

*

Walipolikanyaga jiwe la kuanzia, niliiwasha nukta ya Bi. Hango, nikatoka nje. Watu wa barazani walikuwa wamesimama, hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hawakuelewa walichokitazama.

Bi. Hango alitapika kando ya jiwe. Mbonea alivua koti lake akamfunga kiunoni ili watu wasione suruali, akampa maji yake ya kunywa. Yule mama alikunywa, akajifuta mdomo, akainua macho. Nilitegemea nitaona kitu kwenye macho hayo. Mtu ametolewa kaburini na mtu mwingine, nilidhani lazima kitu kibadilike.

"Ilipaswa kuwa wewe," akamwambia Mbonea.

Hakulisema kwa hasira. Alikuwa analalamika, kama mtu aliyeletewa chakula cha meza nyingine.

"Najua, mama," Mbonea akajibu. "Pole sana."

Nikamshika mdogo wangu mkono nikamvuta pembeni, nyuma ya chumba. Kajiru alikuwa ameshapiga simu, na nilijua gari la polisi litapanda kutoka Same muda si mrefu. Sikujali. Nilitaka tu aache kuomba msamaha.

"Umemsikia?" nikamwambia. "Umemshusha kwa kucha zako, na anakwambia hivyo. Na wewe unampa pole."

Mbonea alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Dada, pale nilipotaka kulala. Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona."

"Uliogopa?"

Ningeweza kumdanganya. Nimemdanganya mara nyingi alipokuwa mdogo, juu ya mama, juu ya chakula kisichokuwepo. Lakini alikuwa ananitazama usoni.

"Si sana," nikasema. "Nilijua Mkono utakudaka."

"Na yeye?"

Niligeuka nikatazama barabara ya kutoka Same.

Mbonea aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa.

"Basi wewe na yule mama mnafanana," alisema. "Mnabishana tu nani aanguke."

Akafungua mkanda wa kupandia, akauning'iniza kwenye msumari wake kama kila siku, akaenda kumshikia Bi. Hango mlango wa gari.